Meno ya Bibi Harusi

Jumanne, 22 Julai 2025

Nimeposwa! Washenga wametoka Kerenge alfajiri, wamefika kwetu Mazingara wana vumbi mpaka kwenye kope. Barua imepokelewa, Baba ameitikia. Mfungo sita, mwezi wa Maulidi, naolewa na Ukasha – yule yule aliyepasuka suruali mnadani akipakia magunia ya ufuta, akaja kwenye cherehani yangu amejifunga shati kiunoni.

Ningepaa kwa furaha. Lakini nilikuwa nyuma ya pazia, na masikio ninayo. Mama yake Ukasha, aliyefuatana na washenga, alikaa uani na kina mama, sauti yake nzito inatoka ndani ya ushungi. Eti mabinti wa siku hizi wanacheka mpaka kidakatonge kinaonekana, lakini huyu wenu nilimwona mnadani – alicheka, akajifunika mdomo kwa kanga. Nikasema huyu ana haya. Huyu ndiye.

Haya! Haya gani? Mimi nina pengo. Nikiwa darasa la tano mpini wa pampu ya kisima uliniponyoka ukanipiga mdomoni. Jino moja la mbele likang'oka, la jirani yake likakatika nusu, likafa, likawa jeusi kama mbegu ya papai. Tangu hapo mkono mmoja wa kazi, wa pili wa mdomo. Watu wanaita adabu.

Sasa niende Kerenge nikawe na adabu mpaka nizeeke? Nicheke na mkono mdomoni, nile na mkono mdomoni, nimwimbie mtoto na mkono mdomoni? Hapana. Ufuta wa mwaka huu umekubali na fungu langu sijaligusa. Shangazi anataka ninunue kabati la vyombo. Kabati litasubiri.

Alhamisi, 24 Julai

Korogwe. Kliniki ya meno ipo nyuma ya soko, mlango wa bluu. Dokta Edna ni kijana kuliko nilivyotegemea, ana sauti ya mwalimu wa chekechea. Akauliza, unapata maumivu? Nikasema hapana, dokta, aibu tu. Akasema aibu nayo naiandika.

Kanipiga picha ya meno. Lile jeusi limekufa lakini mzizi wake mzima, linaokoleka! Nilidhani atang'oa. Akanieleza njia tatu. Meno ya kuvaa na kuvua – nikakataa kabla hajamaliza, nikipiga chafya siku ya harusi je? Kuna la kupandikizwa kwenye mfupa, hilo linataka miezi. Na kuna daraja: meno matatu yaliyoungana, mawili ya pembeni yanavikwa kama kofia, la katikati linaning'inia juu ya pengo. Linagandishwa, halitoki.

Daraja! Mfungo sita haunisubiri.

Akanisafisha ukoga pia. Damu kidogo. Na gego moja limetoboka, akaliziba palepale. Nimerudi nyumbani ulimi hautulii, unakagua kila pembe.

Jumatano, 30 Julai

Tiba ya mzizi. Sindano ndiyo inauma, baada ya hapo mdomo si wako tena. Vijisindano vyembamba vinaingia na kutoka, vinakwangua uozo wa miaka yote hiyo. Ndani pakaoshwa, pakazibwa. Nikauliza kama nimemaliza, mate yakanichuruzika mpaka kwenye kidevu. Dokta alijizuia kucheka. Nilimwona.

Jumatatu, 11 Agosti

Shangazi kang'ang'ania kuja nami. Heri nisingekubali.

Leo dokta amechonga yale mawili ya kubebea daraja. La upande wa kushoto lilikuwa zima, halina kosa lolote, likachongwa mpaka likawa kisiki. Machozi yalinitoka. Si maumivu – ganzi ilikuwa imekolea. Nililionea huruma tu.

Halafu nikauma uji mzito wa rangi ya waridi mpaka ukaganda, hivyo ndivyo vipimo. Halafu rangi. Dokta akatoa vijino vya mfano vimepangwa kwa mstari, kutoka cheupe mpaka cha maziwa yaliyotiwa chai. Shangazi karuka kwenye kiti: hili hapa, mwanangu, jeupe pee kama la watangazaji! Dokta akasema kwa upole, mama, meno yake mengine si meupe hivyo. Shangazi akasema basi yapake na hayo mengine.

Mimi fundi nguo. Kiraka kisichofanana na nguo kinaonekana toka barabarani. Nikachagua linalofanana na yangu. Shangazi kanuna njiani mpaka Segera.

Nimewekewa ya muda, ya plastiki. Nisiume kitu kigumu. Vipimo vimepelekwa Tanga mjini kwa mafundi wa meno. Mafundi! Kumbe ni watu wa kazi kama yangu.

Jumanne, 26 Agosti

Nina meno.

Nina meno!

Dokta kayavika, akanipa karatasi ya rangi niume. Uma. Sugua. Uma tena. Akakwangua kidogo, kidogo tena. Akapaka gundi, akashikilia mpaka ikaganda. Kisha kioo.

Sijui nilikaa na kile kioo muda gani. Yule wa kwenye kioo alikuwa anacheka na mkono wake ukapanda ukamfunika! Wenyewe tu! Mkono wangu haujapata habari. Dokta kaushika akaushusha mpaka kwenye paja, akasema, dada Mwanaidi, huo mkono sina dawa yake, huo utautibu mwenyewe.

Akanifundisha kusafisha chini ya daraja kwa uzi. Uzi! Unapenyezwa na kitu cha plastiki kama sindano. Kanionyesha mara moja, nikafanya bila kioo. Akasema hajawahi kuona mgonjwa wa hivyo. Nikamwambia dokta, nimekula mkate wa uzi tangu nimalize shule.

Nilipita Korogwe nzima nikitabasamia watu. Muuza machungwa kadhani ni mteja, kamenya mawili, nikayala yote. Nikaingia duka la vitambaa la Mama Sakarbai, anayeniuzia uzi na vifungo miaka yote. Kavua miwani, kavaa miwani. Umefanya nini wewe, Mwanaidi? Umenenepa? Nikasema ndiyo, Mama Sakarbai, nimenenepa!

Jumatano, 27 Agosti

Mama kaniambia cheka. Nikacheka. Akasema tena. Nikacheka tena. Akakaa kwenye kinu akalia, akasema, maji yale nilikutuma mimi. Nikamwambia Mama, usinirudishe kisimani, tazama hapa nilipo. Akatazama. Akanigusa jino kwa kidole kimoja, kama anayepima joto la pasi.

Shangazi hakulia. Shangazi kaweka sheria. Kerenge wamechagua haya, usiwape meno! Mpaka ndoa ipite mkono urudi mdomoni. Nikamwambia mkono una kazi nyingine. Akasema mwanamwali hajibu hivyo.

Jumapili, 31 Agosti

Balaa.

Mama mkwe kaja na wanawake wawili kuleta nguo za harusi. Mwanamke mrefu, amekunja uso, ushungi umembana mpaka juu ya mdomo. Chai kanywa amegeukia ukuta. Karanga hakugusa. Andazi kalitia ndani ya chai mpaka likalainika, kalipitisha chini ya ushungi. Hakutabasamu hata mara moja. Maringo! Sisi wa Mazingara tunanuka?

Nikatoka jikoni na sinia la vikombe, mikono yote miwili imeshika. Jogoo wetu karuka juu ya sanduku la nguo – jipya, limepambwa kwa riboni – kanyoosha shingo, kawika. Kama mshenga! Nikacheka. Nikacheka kwa meno yangu yote, ya kuzaliwa na ya Tanga, sina mkono wa kujifunika, na Mungu anisamehe, hata ningekuwa nao nisingejifunika.

Kina mama wakacheka nami. Yeye hakucheka. Alinitazama mdomoni, mdomoni tu, muda mrefu. Akasema kwa ile sauti ya ndani ya nguo: kumbe unacheka.

Wameondoka kabla ya adhuhuri. Jioni simu ikaja kwa Baba kutoka kwa mmoja wa wale wawili. Mama yake Ukasha kasema huyu siye aliyemwona mnadani. Anahitaji kufikiri.

Shangazi: umevunja ndoa kwa kumcheka jogoo.

Siwezi kula. Nampenda Ukasha, naandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu. Lakini nimejaribu kuweka mkono mdomoni mbele ya kioo, na nimemwona yule wa zamani, na simtaki arudi. Wakitaka barua yao, waichukue.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimempigia Ukasha mimi mwenyewe. Sikusubiri. Nikamweleza yote: kisima, mpini, jino jeusi, Dokta Edna. Nikamwambia kama uliposa mkono mdomoni, mkono haupo tena.

Nikasikia kinu cha kusaga nyuma yake. Kisha akasema: kwa hiyo siku ile ya suruali hukuwa unanicheka?

Nini?

Ulijifunika, nikajua unanicheka. Na kila nikija na nguo ya kushona unajifunika. Nikasema huyu ananiona mshamba, lazima nimwoe nimtoe hiyo fikra.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Miezi minane mwanaume anashonesha nguo zisizo na tatizo ili aje kuchekwa! Akasema, ndiyo hiyo sauti, cheka tena. Kuhusu mama yake kasema atazungumza naye, ila mama haambiliki kirahisi. Tangu zamani hacheki na watu, hata kwenye harusi anakaa pembeni.

Ijumaa, 5 Septemba

Maulidi. Baada ya swala Baba kapata jibu: baba yake Ukasha kasema siku haibadiliki. Mama yake Ukasha atakuja. Hajasema neno lingine.

Atakuja. Hajasema neno. Afadhali angetukana.

Shangazi ananifundisha kukaa kibibi harusi. Macho chini, midomo imefungwa, usoni huzuni ya kuwaacha wazazi. Nimeshindwa mara tatu. Huzuni ninayo, ila meno yanatoka yenyewe.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika kitandani, hina mpaka viwiko, nimeshika kalamu kwa ncha za vidole. Shangazi akiona atanimaliza.

Nianze na sheikh. Kaja mlangoni na Baba na mashahidi wawili. Shangazi amenibana bega: kaa kimya, mpaka akuulize mara ya tatu, kisha uitikie kwa mbali. Sheikh kauliza. Mwanaidi binti Mbwana, umeridhia kuolewa na Ukasha bin Faraji kwa mahari mliyokubaliana?

Na mimi nikacheka. Si kwa jogoo safari hii. Lile swali lenyewe! Mtu anakuuliza kama unataka unachokitaka. Chumba kizima kikaganda. Shangazi akasema astaghfirullah. Mama mkwe alikuwa kwenye kona, ushungi juu ya mdomo, hakusogea.

Sheikh, mzee wa watu, kasubiri nimalize. Kasema: mwali akinyamaza, ameridhia. Akicheka je? Huyu amezidisha. Lakini tamka, mwanangu, mashahidi wasikie.

Nimeridhia. Nilisema kwa sauti, na ile dh ikatoka safi, haikupiga mluzi. Vigelegele!

Wanaume wametoka kwenda kufungisha ndoa. Kina mama wakatoka kupanga sinia, Shangazi kaenda kuwalinda wapishi wa pilau. Nikabaki peke yangu.

Si peke yangu. Mama mkwe hakutoka.

Kafunga mlango. Nikajua sasa ndiyo sasa. Nikasema shikamoo mama, ingawa nilishamwamkia asubuhi. Kaja kitandani, kakaa karibu mpaka magoti yetu yakagusana, akanitazama mdomoni kama siku ile. Kisha akashusha ushungi.

Juu mbele hakuna kitu. Hakuna kabisa. Upande mmoja kisiki cheusi, upande mwingine ufizi. Akaufunika tena haraka, mkono ukapanda wenyewe – ninaujua huo mkono! Ninaujua kuliko yeye!

Chai ukutani. Andazi ndani ya chai. Na mimi nikaandika humu maringo. Ningeweza kujipiga kofi, ila hina haijakauka.

Akasema kwa sauti ndogo sana, si ile nzito: nilipokuona mnadani nilisema nimepata mwenzangu. Halafu siku ya jogoo nikaona umeniacha peke yangu.

Nikamshika mkono, na hina yote, nikaushusha mpaka kwenye paja. Akauliza, inauma?

Sindano tu, mama. Sindano tu.

Huyo daktari wako, anachukua na wazee?

Vigelegele vimelipuka uani. Ndoa imefungwa! Nimekwisha kuwa mke wa mtu na sina hata mtandio kichwani. Msafara wa bwana harusi huo unakuja, dufu linasikika, kina mama wamejazana mlangoni wanadai kiingilio, Shangazi anapiga kelele nijifunike uso.

Mama mkwe kanipokonya kalamu mara mbili, kisha kaniacha niandike mistari hii. Kaenda mlangoni, kawaambia wasubiri, bibi harusi hajawa tayari. Kasukuma komeo. Sasa amekaa chini ya dirisha, ushungi mabegani, mdomo wazi, anasema chukua simu, washa tochi, niangalie vizuri uniambie kama kuna cha kuokoa.

Ukasha anagonga. Anauliza kwa nini mama yake anacheka humu ndani –