Kompyuta Iliyopelekwa Stoo

Jumatatu, 9 Juni

Haya, nimehamishwa. Miaka kumi na tisa nimepiga chapa kwenye ofisi ya chuo hiki — leo stoo! Mimi na kompyuta yangu, eti sote wawili tumechakaa. Mezani pangu kakaa mtaalamu mpya wa mitambo, ambaye kwa bahati tu ni shemeji yake mkuu wa chuo. Wenzangu washambatiza: Shemeji.

Nilimwambia mapema. Kaka, hiyo mashine usiing'oe hivi hivi, printa ya ofisi nzima inapitia humo, na mafaili ya pamoja yamo humo humo. Akacheka. Mambo ya zamani hayo, mama. Nikaenda kwa mkuu, nikarudia neno kwa neno. Akanikabidhi barua aliyoichapa Shemeji, juu yake imeandikwa "Mpiga chapa" tu. Kuanzia leo nisiguse kompyuta wala printa yoyote ya chuo, na mkataba wangu ukiisha mwisho wa mwezi hautaongezwa.

Sijalia. Hasira ninayo, lakini sijalia. Nimepanga viti.

Jumanne, 10 Juni

Saa tatu tu, kelele. Printa imegoma! Kila anayebonyeza anaambiwa haionekani. Folda ya vyeti haifunguki — na mahafali ni Jumamosi. Shemeji anazima, anawasha. Anazima, anawasha. Kahamisha nyaya zote za korido, sasa hata simu ya mapokezi imekufa.

Kompyuta yangu iko hapa juu ya katoni ya chaki, waya wake nimeuviringisha vizuri. Tunatazamana.

Jumatano, 11 Juni

Shemeji kasema ni virusi. Kafuta kila kitu kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma, kaanza upya. Wapi! Dada wa usafi kaniletea chai na habari: mkuu kamfokea Shemeji mbele ya watu, halafu kakumbuka ni kaka wa mkewe, akashusha sauti. Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Alhamisi, 12 Juni

Mwalimu wa umeme kaja stoo kuchukua balbu. Akasimama mbele ya mashine yangu. Kisha: "Mama Chapa, printa si ilikuwa imechomekwa kwenye hii?" Ndiyo. Na vyeti? Vimo humu, mia mbili na kumi na viwili, nilivimaliza mwezi uliopita. Akashika kichwa. Akataka kuiwasha pale pale.

Washa tu, nikamwambia, lakini itakuuliza neno la siri. Nalijua mimi peke yangu, simwambii mtu, na kibodi nimekatazwa kugusa. Nikamwonyesha barua. Kaisoma mara mbili, kaangua kicheko, katoka mbio kwenda kwa mkuu. Mkuu hayupo, yuko mjini anakodi mahema.

Jioni nikamsimulia binti yangu. Hakucheka. Mama, hao wanafunzi wamekukosea nini? Nikamjibu kwa ukali. Ila kaniweza. Hawajanikosea kitu. Wale wasichana wa ushonaji hawapiti mlangoni kwangu bila kunisalimia. Lakini nikiiwasha kimyakimya, Jumatatu Shemeji atakuwa mezani pangu anapongezwa, na mimi niko huku nahesabu chaki. La. Sikubali!

Ijumaa, 13 Juni

Saa nane na nusu mchana. Mkuu mwenyewe yuko hapa stoo. Naandika haya mbele ya macho yake, naye anaandika yake.

Aliingia kwa upole ambao sijawahi kuuona. Mama, tusaidiane, washa hiyo mashine. Nikamwambia barua yako hainiruhusu, mkuu. Akasema basi, ameifuta. Kwa mdomo? nikamwuliza. Kwani uliniajiri kwa mdomo? Nataka maandishi: barua imefutwa, narudi mezani pangu, mkataba unaendelea. Watoto watapata vyeti vyao leo hii, hata kama nitabaki na printa peke yangu mpaka usiku.

Akanuna. Akatazama saa. Mwisho akasema sawa, iwashe kwanza, ili hiyo barua ichapwe na kutolewa kwenye printa.

Nilicheka! Nilishindwa kabisa kujizuia. Printa ipi, mkuu? Ile niliyokatazwa kuigusa?

Nikampa karatasi na kalamu. Kavuta kiti kimoja katika vile nilivyovipanga, kainamia katoni, jasho linamtoka. Mlangoni Shemeji anachungulia, mikono mfukoni. Mimi nimekaa wima.

Kalamu yake imesimama. Kaandika "Ndugu", basi. Anatazama dari. Anatazama balbu. Barua zake zote, miaka yote hii, zimepita chini ya vidole vyangu, pamoja na majina yake matatu na vyeo vyake.

Ameinua kichwa. Ananiuliza jina langu kamili nani.

Asubiri. Namalizia mstari wangu.