Maili za Baba

Jumatatu, 9 Juni

Nimefagia duka. Nimefuta vumbi kwenye makava ya simu, yale ambayo hayajauzwa tangu Krismasi. Upepo wa mpakani leo mbaya, unaingia hadi kwenye meno.

Nimemwandikia Baba WhatsApp: "Leo nimeuza chaja tatu." Tiki moja. Tangu tumzike mwezi wa nne ni tiki moja kila siku. Najua haziwezi kuwa mbili, ujumbe haufiki. Naandika tu.

Mchana barua pepe imeingia kwenye kompyuta ya duka, kwa Kiingereza, kutoka shirika la ndege. Inamsalimia Baba kwa jina lake kamili. Ni muda hatujakuona. Maili zako zitafutika tarehe 30 Juni. Baba alikuwa akienda China kuchukua mzigo, akipandia ndege Lusaka, na kila safari walimwandikia maili. Zikitosha unapewa tiketi bila kulipa nauli. Zimetosha.

Nimefunga kompyuta haraka, kama nimefungua barua ya mtu akiwa ananiangalia.

Jumanne, 10 Juni

Dada Ester amepiga kutoka Muscat. Mkataba wake wa kazi za ndani umekwisha, bosi amekataa kumkatia tiketi. Sisi ya kununua hatuiwezi. Hakuwepo kwenye msiba. Ameniambia, "Nyie mna kaburi, Faraja. Mimi nina picha mliyonitumia, tena imepigwa upande."

Nimemweleza Mama kuhusu maili. Alikuwa anachambua maharage. Ameyaacha. Amesema kesho twende kwa Dada Jack, yule wakala aliyekuwa akimkatia Baba tiketi.

Jumatano, 11 Juni

Ofisi ya Dada Jack iko nyuma ya wabadilisha fedha. Baridi, amevaa koti na kandambili.

Amesema tiketi ya maili yeye hawezi kuikata kwa mfumo wake wa wakala. Lazima aingie kwenye akaunti ya Baba, kama vile ni Baba mwenyewe. Nafasi ipo, Muscat mpaka Dar, tarehe 2 Julai. Nywila ilikuwa kwenye daftari la duka. Mama akauliza, tukiwaambia kwamba amefariki?

"Mama Ester, ukiwaambia wanafunga. Maili hazirithiwi. Kwao mzee yuko hai. Tumwache hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwezi."

Kisha skrini ikaandika kuwa namba ya siri imetumwa kwenye simu ya Baba. Laini ya Zambia, ile aliyoitumia kwa biashara na kwa WhatsApp.

Mama akanigeukia. "Hivi ile simu ya baba yako ilienda wapi?"

Nikasema sijui.

Alhamisi, 12 Juni

Najua.

Naandika hapa kwa sababu hapa hapana mtu. Iko kwenye jeneza. Niliiweka mimi, mfuko wa ndani wa koti la suti, mkono wa kushoto, walipotuita kuaga. Nilijifanya namrekebishia tai.

Mimi nilikuwa siwezi kuongea na Baba ana kwa ana. Sikumwogopa, ni aibu tu, ninayo kwa kila mtu. Tukiwa nyumba moja, yeye sebuleni na mimi chumbani, tulikuwa tunaandikiana. Mimi Kiswahili, yeye Kiingereza, ili nizoee. Akielewa anajibu neno moja. "Noted." Nilifikiri akienda bila simu tutakuwa tumemaliza kuongea.

Sasa namba ya kumrudisha Ester inatumwa kaburini.

Jumamosi, 14 Juni

Dada Jack amenikalisha kwenye kompyuta yake. "Wewe ndiye msomi wa Kiingereza, waombe wabadilishe namba ya simu." Nimeandika kama Baba. Nimesema nimepoteza simu safarini. Nimetumia maneno yake, hata ile namna yake ya kumaliza na asante mbili. Vidole vilikuwa vyepesi mno. Nimejiogopa.

Wamejibu: sawa, tutakupigia tusikie sauti yako.

Dada Jack akasema tutafute mwanaume wa umri ule. Mama akasimama. "Andika lolote, Jack. Sauti ya mume wangu haiigizwi."

Jumapili, 15 Juni

Mlowo, kwa Bibi mzaa Baba. Kahawa imeiva, tumechuma baada ya ibada. Tangu asubuhi nilijua Mama ataiulizia simu.

Akamuuliza Baba Mdogo Amoni mbele ya Bibi. "Shemeji, wewe ndiye ulimvalisha. Simu yake uliiona?"

Baba Mdogo akaweka ndoo chini.

"Nimemwosha kaka yangu kwa mikono hii. Unaniuliza simu?"

"Nauliza tu."

"Hujauliza. Umesema."

Akaondoka kati ya mistari ya mibuni. Ndoo yake imebaki pale. Kaburi la Baba liko hatua kumi kutoka nilipokuwa nimesimama. Sikufungua mdomo. Mimi ni mwoga na ni mbaya.

Jumatano, 18 Juni

Naisikia simu ya Baba. Nikiwa nafua, nikiwa napanga bidhaa. Ule mlio wake wa ujumbe kuingia, mfupi, kama kijiko kikigonga kikombe. Nageuka, hakuna. Betri ilikufa tangu mwezi wa nne, najua.

Leo kila Dada Jack alipojaribu akaunti, mfumo ukatuma namba nyingine ya siri. Tatu. Nimeziwaza zikishuka pale chini, moja baada ya nyingine, na yeye hawezi kuinua mkono.

Baba Mdogo hapokei simu za Mama.

Jumapili, 22 Juni

Bashi Mutale amekuja kutusalimia. Kwa Kibemba ndiyo Baba Mutale, rafiki wa Baba wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Naye alimwita Baba Bashi Ester. Mama akamweleza habari ya simu. Mzee akacheka, kicheko cha kwanza humu ndani tangu msiba.

"Laini ile ni yangu! Ilisajiliwa kwa kitambulisho changu. Bashi Ester alikuwa Mtanzania, angeipataje? Kesho vukeni, naifufua."

Mama amemshika mkono, hakuuachia.

Nikamuuliza ile laini ya zamani itakuwaje. "Mpya ikiwaka, ya zamani inakufa, mwaice." Mwaice ni mtoto.

Nilitoka nje. Nataka Ester arudi. Sitaki ile ife. Vyote viwili ni kweli.

Jumatatu, 23 Juni

Asubuhi kabla hatujavuka nilimwandikia Baba mara ya mwisho. "Nisamehe. Leo wanaizima laini yako. Simu niliiweka mimi kwenye koti. Baba Mdogo hana kosa. Mwambie Mama, mimi nashindwa." Tiki moja.

Nakonde haikuchukua hata saa. Tukarudi kwa Dada Jack. Laini ikatiwa kwenye simu mpya ya dukani. Dada Jack akafungua na WhatsApp humo, ili atume tiketi. Simu alikuwa ameishika Mama.

Ikaanza kulia. Kijiko na kikombe, kijiko na kikombe. Haikunyamaza. Nikatoa simu yangu nikaangalia. Tiki mbili. Tiki mbili. Mpaka chini, zote za mwezi mzima uliopita; za kabla ya hapo zimebaki tiki moja. Chaja tatu. Mvua haijanyesha. Nimeota umevaa viatu vyangu. Na ya leo.

Mama alikuwa anasoma. Midomo ilikuwa inatembea.

"Mama Ester, namba imeingia? Haraka, itakwisha muda."

Mama akazitaja tarakimu sita, moja moja. Dada Jack akabonyeza. Tiketi ya Ester ikatoka. Chini yake wameandika, asante kwa kusafiri nasi, na jina la Baba.

Mama hakunitazama mpaka nyumbani. Sijui kama asubuhi nilijua zitafika. Nafikiri nilijua.

Jumanne, 24 Juni

Mama amenichukua mpaka Mlowo. Amepiga magoti kwa Baba Mdogo uani. Kisha akaniambia, "Sema kwa mdomo wako."

Nimesema. Sentensi nne. Baba Mdogo akauliza kitu kimoja tu.

"Mfuko gani?"

"Wa ndani. Kushoto."

"Mimi nilidhani ni Biblia yake ndogo," akasema. "Niliigusa nikaiacha."

Jumamosi, 5 Julai

Ester amefika jana kwa basi. Amekonda. Leo tumekuja naye Mlowo, amekaa kaburini tangu asubuhi. Mimi nimekaa nyuma yake kidogo.

Maili chache zilizobaki kwenye akaunti ya Baba zilifutika tarehe 30. Hakuna barua tena.

Saa saba simu yangu imelia. Jina kwenye skrini: Baba.

Nikageuka. Mama amesimama mlangoni kwa Bibi, mbali, na ile simu yenye laini ya Baba mkononi, ameangalia kwingine.

Nikafungua ujumbe: "Ugali tayari. Njooni mle."

Nimejibu, "Noted."

Tiki mbili.