Kwaya Iliyopimwa Bila Kupumua

Shanwe, Mpanda
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mdogo wangu mpendwa Skolastika,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wote ulio nao nyumbani hapo Songea. Kabla ya yote nataka habari za goti lako la kushoto. Usinijibu kwamba linaendelea vizuri, maana ndivyo ulivyonijibu mara iliyopita, kisha nikasikia kwa shemeji kwamba unapanda kitandani kwa kushika ukuta. Niandikie ukweli. Je, mahindi yamekwisha kuvunwa? Na paa la jikoni, fundi alirudi kulimalizia au bado anatoa sababu?

Mimi ni mzima. Joto la Mpanda nimelizoea, na macho bado yanatunga uzi kwenye sindano, ingawa siku hizi nasogea karibu na mlango kutafuta mwanga. Mwanangu Fidelis yuko safarini na lori lake kama kawaida. Nyumbani tupo mimi na mkewe, Domitila, na cherehani zetu mbili.

Ujumbe wako wa simu niliupata: "Dada, mvua zimekwisha, unarudi lini?" Sikukujibu kwa simu kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na lina aibu yangu ndani yake. Kaa kitako usome.

Unakumbuka kwamba nilikuja huku baada ya kustaafu ualimu kwa kuwa Domitila aliniomba nimsaidie dukani. Nilipofika, duka lake hapa Shanwe lilikuwa la kubana suruali za mitumba na kubadilisha zipu. Kazi ilikuwapo kila siku, lakini yeye hakuridhika nayo. Siku moja aliweka mkasi mezani akaniambia:

"Mama, mimi nimekuwa fundi wa kurekebisha nguo za watu wa nchi nyingine. Nataka niwe na nguo yangu moja. Moja tu, mtu akiiona barabarani aseme, ile imetoka kwa Domitila."

Nilimuunga mkono. Ila nilidhani ataketi achore mitindo. Badala yake alichukua daftari akaanza kuzunguka sokoni na kanisani, akiwauliza wanawake swali moja: nguo uliyovaa inakuudhi wapi? Nilimcheka, Skola. Nilimwambia kwamba fundi ndiye anayemfundisha mteja, na kwamba masista waliotufundisha kushona hawakuwahi kumuuliza mtu anaudhika wapi. Akacheka naye, akaendelea kuandika. Daftari lilijaa. Huyu kwapa linambana akinyoosha mkono. Yule hana pa kuweka simu. Mwingine anataka kunyonyesha bila kuvua gauni zima.

Ndipo ilipokuja kazi kubwa. Kwaya ya kigango kimoja cha Kasokola ilikuwa inajiandaa kutabaruku kanisa lao jipya, na wakataka magauni ishirini na manne ya sare. Wengi wao ni wakulima wenye asili ya Burundi, kama familia ya Domitila, na walimchagua kwa sababu ni binti yao. Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Kama magauni yangependeza mbele ya umati ule, vigango vyote vya jirani vingemjua. Kama yangeharibika, angerudi kwenye kubana suruali, na angerudi akiwa amewaaibisha watu wake.

Domitila alitaka tushone gauni moja kwanza, tumpe mwimbaji mmoja alivae kwa wiki nzima, kisha alirudishe na kutueleza kasoro zake. Nilikataa. Nilisema: "Kipimo kikiwa sahihi, gauni litakuwa sahihi. Kujaribujaribu ni kazi ya mtu asiyejua kupima." Alinitazama, akasema, "Sawa, Mama." Nilidhani nimeshinda hoja. Kumbe alikuwa ananiheshimu tu.

Nikaenda Kasokola mwenyewe kupima. Nilivaa miwani yangu, nikaning'iniza futi shingoni, nikashika rula ndefu ya mbao ya kupimia pindo. Nikawapanga mstari mmoja. Nilifurahi kuona walivyosimama wima, mikono ubavuni, kimya kabisa. Hata kiongozi wao, Mama Evarista, mwanamke mnene mwenye sauti inayofika mtaa wa pili, alisimama kama askari wa gwaride. Nilijiambia kwamba huku bado kuna adabu. Niliandika kila kipimo mara mbili na kuongeza inchi mbili za nafasi, kama tulivyofundishwa mimi na wewe.

Tulishona usiku kucha? La, hujawahi kuniona nikifanya hivyo, na sikufanya. Tulishona mchana, kwa utaratibu, kitambaa cha buluu chenye bitana safi, mishono ya ndani imekunjwa kama ya nje. Wiki mbili kabla ya sherehe tulipeleka magauni yote. Wakayavaa. Skola, walipendeza! Wamesimama mbele ya altare ya kanisa lao la zamani, hakuna kunyanzi wala pindo lililopanda. Nikamtazama Domitila kwa jicho la kumwambia, umeona?

Mama Evarista akasema, "Hebu tuimbe ubeti mmoja tuyabariki."

Akavuta pumzi. Zipu yake ikalia *paa!* Wenzake wakaingia na sauti, wakainua mikono kwa pamoja, na mishono ya kwapa ikaanza kuachia, mmoja upande huu, mwingine upande ule, mpaka mwimbaji wa nyuma akapaza sauti:

"Jamani nyie, shusheni mikono, tutabaki uchi!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Wanawake walishikilia mbavu, wengine kwa kucheka, wengine kwa kuzuia nguo. Domitila peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, mikono mapajani, akitazama sakafu.

Nilishika daftari langu na kusema vipimo haviwezi kuwa na kosa, nilipima kila mtu mara mbili. Mama Evarista, huku amejifunga khanga kufunika mgongo, akanijibu:

"Mwalimu, vipimo ni vya kweli. Ila siku ile ulivyokuja na ile rula na ile miwani, nani angethubutu kupumua? Mimi nilibana tumbo toka ulipotokea mlangoni. Nilirudi darasa la tatu!"

"Mimi pia!" akadakia mwingine. "Nilidhani ukimaliza kupima utatuchapa!"

Ndivyo ilivyokuwa. Ishirini na wanne walibana pumzi kwa heshima yangu, na zile inchi zangu mbili zikamezwa zote. Miaka yangu yote darasani nilihesabu kimya kuwa ni adabu. Siku ile nilivuna matunda yake.

Tulirudi na mzigo ule. Tulipofika dukani nikamwambia Domitila: "Mwanangu, nimekosea. Ulisema tushone moja kwanza, nami nikakuzuia." Maneno hayo sikumbuki kama niliwahi kumwambia mtu ninayemzidi umri. Akasema: "Mabukwe, chai ipo." Mabukwe ni mama mkwe kwa Kirundi, na huniita hivyo akiwa amenisamehe. Tulikunywa chai, kisha akalifungua lile daftari nililolicheka.

Kitambaa cha buluu kilikuwa kimekwisha, wala hatukuweza kupata kingine kwa wakati. Domitila akapendekeza tufumue mbavu za gauni moja, tuingize pande zote mbili kipande kirefu cha kitenge chenye kunjo zinazofunguka mtu akivuta pumzi na kujifunga akiitoa. Chini ya kwapa tukaweka kipande chenye umbo la almasi ili mkono uinuke bila kuburuta gauni. Mimi nilishona, yeye aliamua. Gauni hilo moja alipewa Mama Evarista, na safari hii hakuambiwa alitunze. Aliimba nalo, akapanda nalo pikipiki, akaenda nalo sokoni. Akarudi na malalamiko: kunjo za kiunoni zilivimba alipoketi. Tukazishonea chini kidogo. La pili alipewa mwimbaji anayenyonyesha. Huyo akasema afadhali zipu moja fupi ifichwe ndani ya kunjo. Tukaiweka. La tatu likarudi bila neno baya, na hapo ndipo Domitila aliponiruhusu kugusa yaliyobaki.

Lakini ilibidi nipime upya. Nilikwenda bila rula, nikawaambia waimbe. Ungeniona, Skola, ungekaa chini kwa kucheka: dada yako na umri huu, anacheza nyuma ya kwaya na futi mkononi, akisubiri mtu avute pumzi ili asome namba. Mama Evarista alikuwa akirefusha wimbo kwa makusudi. "Mwalimu, bado ubeti!" ananiambia. "Zungusha kiuno, usije ukakosea tena!"

Siku ya kutabaruku waliimba tangu asubuhi mpaka chakula kilipogawiwa. Mikono ilipanda, kunjo zikafunguka, kitenge kikang'aa mbavuni kila walipovuta pumzi, na hakuna hata uzi mmoja uliokatika. Watu walidhani ule ni mtindo mpya. Mama mmoja wa jamii ya wafugaji, aliyetoka upande wa Kasansa kumsindikiza ndugu yake, alimshika Domitila mkono akamuuliza mtindo ule umetoka Dar es Salaam au wapi.

"Umetoka Kasokola," Domitila akajibu.

"Basi na mimi nishonee. Lakini uniwekee mfuko wa ndani, simu yangu isionekane mnadani."

Domitila akatoa daftari pale pale.

Tangu siku hiyo zimekuja kwaya mbili na kikundi kimoja cha akina mama. Nilidhani sasa ataongeza mitindo kumi ili achume wakati watu wanamjua. Nilipomshauri hivyo alikataa, na safari hii nilisikiliza. Anasema gauni ni lile lile moja. Kila anayelivaa akirudi na kero, kero hiyo ndiyo inayotuambia tubadilishe nini katika gauni linalofuata. Mfuko wa mnadani sasa umo katika magauni yote. La watoto litakuja, lakini mtoto mmoja wa jirani atalivaa kwanza na kulichezea matope. Ndani ya shingo tunashona kitambaa kidogo chenye jina alilolichagua: *Pumua*. Nililipinga jina hilo kwa siku mbili. Sasa ni mimi ninayelidarizi.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba sirudi msimu huu. Nilimuuliza Domitila kama anahitaji chumba changu, akasema, "Mama, nani amekufukuza?" Nimebaki, na si kwa sababu wananihitaji kufundisha. Ninajifunza kazi ambayo nilidhani niliimaliza zamani. Nisamehe kwa kukuacha peke yako na mavuno.

Msalimie shemeji, na umwambie asikufichie siri za goti. Msalimie binti yetu Yustina, anayefundisha chekechea, na umwambie kutoka kwangu kwamba watoto wakinyamaza sana awachunguze. Mpe heshima zangu mjomba wetu mzee, mlinzi wa kaburi la mama, na umshukuru kwa kulipalilia. Nitumie pia tondoo yangu ya shaba, ile ya kukinga kidole na sindano, imo kwenye droo ya cherehani ya zamani. Kidole changu kimechakaa.

Jambo la mwisho. Domitila anataka kukushonea gauni. Mwambie Yustina akupime kifua, kiuno na nyonga, aniandikie. Nakujua tangu utotoni, utasimama wima na kubana tumbo. Usifanye hivyo. Imba ule wimbo wa mama wa kutwanga mahindi, na upumue.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mama Fidelis