Mume Mmarekani, Kaka Mwingereza

Jumatatu, 3 Juni

Meneja wa hoteli kanipigia simu nikiwa napima mapazia ya mteja. Anataka bendi yetu ipige pale kila Jumamosi, mwaka mzima, kwa mkataba. Kila Jumamosi! Nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikamsahau mteja. Sharti lake: Jumamosi ya tarehe kumi na tano tupige onyesho la majaribio, yeye na wenye hoteli wakae mbele. Wakiridhika, tunatia saini hapo hapo. Onyesho ameshalipa jina, Usiku wa Roki. Halafu kuna jambo dogo tu, kasema. Nyuma ya jukwaa anataka bendera kubwa. Ya Marekani au ya Uingereza, tuchague wenyewe, sisi ndio wataalamu. Na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, nishone mimi.

Nikamwambia hakuna shida. Sijui akili yangu ilikuwa wapi. Nimeolewa na mtu anayeamini roki ni Marekani, na nimezaliwa tumbo moja na mtu anayeamini roki ni Uingereza. Mume wangu anaimba. Kaka anapiga gitaa. Mwalimu wa hesabu anapiga besi na haongei. Mimi napiga ngoma. Miaka yote hii tumepona kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza hilo swali wakiwa meza moja.

Leo nimewauliza, wakati wa chakula cha jioni. Nilidhani litaisha kabla ya chai.

Jumanne, 4 Juni

Halijaisha.

Mume wangu anasema Wamarekani ndio waliozaa roki, Waingereza wamelea tu. Kaka akamjibu kwamba kuzaa hata paka anazaa, kazi ni kulea. Mama anaishi nasi na husikia anachotaka kusikia. Akauliza ni mtoto wa nani huyo na kwa nini hakuambiwa.

Mume wangu akaleta bendi ya Eagles. Sauti zote zile, kasema, unadhani ni mtu mmoja anaimba. Kaka akaleta Beatles, akaleta Queen, akaleta Rolling Stones, akaleta na ramani ya dunia ya mwanangu. Akaweka dole gumba juu ya Uingereza. Kisiwa kizima kikafunikwa. Hapa, kasema, chini ya kidole changu, ndipo yalipotoka yote hayo — sasa shemeji, weka kidole juu ya Marekani uone kama kinatosha. Kwa ukubwa ule, kasema, walitakiwa kutoa mara kumi.

Mume wangu akasema hao Stones wenyewe wakiimba wanajitahidi wasikike kama Wamarekani. Kaka akasema ndiyo, mwanafunzi kampita mwalimu. Mume wangu akasusa chai.

Kaka hajawahi hata kuwa na pasipoti. Mume wangu akizungumzia California husema "kwetu".

Alhamisi, 6 Juni

Nimenunua vitambaa. Nyekundu, nyeupe, bluu. Nimefika dukani ndipo nikagundua — rangi ni zile zile! Bendera zote mbili! Muuza vitambaa akadhani nimechanganyikiwa nilivyokuwa nacheka peke yangu. Basi nimechukua za kutosha na nikatulia. Siku mbili zaidi za kutochagua.

Ila wamejua kwamba mkasi uko mkononi mwangu. Asubuhi mume wangu kaniletea chai hapa hapa kwenye cherehani. Mara ya mwisho kuniletea chai nilikuwa nimejifungua. Akasema najua nyota hamsini ni nyingi, mke wangu, nitakusaidia kukata. Akakata moja. Ilikuwa na pembe sita.

Mchana kaka kaja na kichupa cha mafuta ya cherehani, akaipaka mafuta mashine yangu nzima bila kuombwa. Mdogo wangu, kasema, ile ya Uingereza ni mistari tu, utamaliza kwa kufumba na kufumbua. Nikaitazama picha vizuri. Si mistari tu. Ile miekundu ya mshazari haijakaa katikati, imesogea kidogo upande, na kila pembe imesogea kivyake. Aliyeibuni hakuwa na huruma na mafundi.

Hakuna aliyeniuliza mimi napenda bendi gani. Sawa. Ninachokitaka mimi ni zile Jumamosi. Nikikaa nyuma ya ngoma hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi. Hakuna anayesema shemeji hivi, mama vile. Saa mbili nzima watu wazima wananifuata mimi. Nazitaka Jumamosi hizo kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na nimeona aibu kuliandika, lakini ndivyo.

Jumapili, 9 Juni

Mazoezi nyumbani, sebuleni. Balaa.

Wamegawana nyimbo. Za Marekani upande huu wa meza, za Uingereza upande ule. Wakafika kwenye Fleetwood Mac, wakakwama. Kaka: walianzia London, jina ni la Waingereza wawili, mpiga ngoma na mpiga besi. Mume wangu: ndiyo, lakini dunia imewajua vizuri baada ya Wamarekani wawili kuingia. Wakavutana kama wazazi walioachana, kila mmoja anadai mtoto akae kwake. Mama akasema kama ni hivyo mtoto aulizwe mwenyewe. Bado yuko kwenye mtoto.

Nikawaambia jamani, jina la bendi ni la mpiga ngoma na mpiga besi, basi ni yetu sisi wawili, mimi na Mwalimu. Wakacheka kwa pamoja. Ndiyo mara pekee walipopatana leo.

Mwalimu akaombwa aamue. Akasema ana mitihani ya kusahihisha, akafunga besi yake kwenye mfuko, akaondoka.

Sasa hawasemeshani. Wamekaa chumba kimoja, hatua tatu, na mimi ndiye simu. Mwambie shemeji asogeze spika. Mwambie shemeji spika haijamuuma. Mume wangu kaapa hataimba wimbo wowote wa Mwingereza hadi aombwe radhi kwa niaba ya Marekani. Na zimebaki siku sita.

Jumanne, 11 Juni

Leo tumefanya mazoezi hotelini, ukumbi mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza, mhudumu anapiga deki. Kaka kaja na uso wa mtu aliyelala na ushindi chini ya mto. Anasema leo mjadala unafungwa. Ana bendi moja ya Uingereza, akiipiga hiyo Mmarekani yeyote mwenye akili atanyamaza.

Akapiga AC/DC.

Na kweli alipiga. Mhudumu aliacha deki. Mwalimu alitikisa kichwa, kitu ambacho sijawahi kukiona. Nilizipiga zile ngoma hadi mabega yakaniuma, na mume wangu — namjua — mguu wake ulikuwa unagonga chini ingawa uso ameukunja. Wimbo ulipokwisha akasema, moja kwa moja, bila kupitia kwangu: shemeji, kwa hili umenishinda. Nikakaribia kulia kwa furaha. Yameisha, nikasema moyoni. Uingereza basi. Mishazari nitaimudu.

Akatokea mgeni mmoja wa hoteli kutoka nje kwenye bwawa, taulo shingoni. Anapiga makofi. Anamshika kaka mkono, hamwachii. Anashukuru, hakutegemea kusikia bendi ya kwao huku alikofika. Kaka, kifua mbele, akamuuliza anatoka Uingereza sehemu gani.

Anatoka Australia. Bendi nayo inatoka Australia.

Mume wangu alilazimika kwenda kusimama uani. Tulikuwa tunamsikia anavyocheka. Kaka alizungusha waya wa gitaa lake taratibu sana, akaondoka kwa miguu.

Jumatano, 12 Juni

Kaka kapiga simu alfajiri, mimi bado sijanawa uso. Amesoma usiku kucha. Wale ndugu wawili wa gitaa walizaliwa Scotland! Wakahamia Australia wakiwa watoto! Mwambie huyo mumeo!

Nikamwambia huyo mumeo. Akasema kwa hesabu hiyo hata yeye ni wa hospitali alikozaliwa.

Mchana Meneja naye. Bendera iko wapi, siku zinakwisha. Nikamweleza ukweli wote. Akaniambia yule mgeni wa taulo yuko na wenzake, kundi zima, na Jumamosi wamehifadhi meza zote za mbele. Basi shona ya Australia, kasema. Kwani ikoje? Nikaitafuta picha. Nikacheka hadi mama akaja kuniangalia. Pembeni ina bendera ya Uingereza. Kwingine kote ina nyota. Rangi — nyekundu, nyeupe, bluu.

Nyota sita tu. Nimeanza kukata papo hapo.

Wamarekani na Waingereza wangu walipoambiwa, kila mmoja alisema ametukanwa. Wote wawili, kwa maneno yale yale. Sikuwajibu. Nilikuwa na pini mdomoni.

Ijumaa, 14 Juni

Sijui niandike vipi. Nitaandika kama yalivyokuja.

Kaka kaja jioni. Nilikuwa chumba cha cherehani, nashonea nyota ya mwisho, mlango uko wazi kidogo. Nikamsikia mume wangu anamkaribisha, karibu shemeji, na kiti kinavutwa. Nikaacha kukanyaga cherehani ili nisiwasumbue. Nilifurahi jamani. Nilitabasamu peke yangu pale kama mjinga.

Wakaanza kwa mbali. Kaka akakiri kwamba bila Marekani hakuna aliyejua gitaa linaweza kulia. Mume wangu akakiri kwamba bila Uingereza gitaa lingelia peke yake. Wakacheka. Wakasema kesho itakuwa kazi nzuri, mkataba ni wetu. Halafu mume wangu akasema ana wazo, na kaka akasema hata yeye alitaka kulisema lakini alimwogopa mwenye mke.

Mkataba ukishasainiwa, watanunua mashine. Ile ya midundo. Unabonyeza, inapiga. Haichelewi, haina mapazia ya watu, haihitaji gari la kubebea ngoma. Mimi nimechoka, wanasema. Cherehani, nyumba, mama, halafu Jumamosi nako jasho? Wananihurumia. Nitabaki na mambo ya bendera na sare. Kaka akasema na ukitazama, shemeji, kote kote, Marekani na Uingereza, watu wanakumbuka mwimbaji na gitaa. Wapiga ngoma wanabadilishwa kama balbu. Mume wangu akasema hapo umesema. Nikasikia wanapeana mkono.

Wiki mbili nimewabeba hawa watu kwa maneno, mmoja bega hili mwingine bega lile, na jambo la kwanza walilokubaliana ni mimi.

Halafu kaka, yaani kaka! Yeye ndiye aliyenisimulia juu ya Led Zeppelin, tulipokuwa vijana, tumelala chini kwenye simenti tunasikiliza kanda. Kwamba mpiga ngoma wao alipofariki, waliobaki walisema basi, hawawezi kuendelea bila yeye. Alikuwa analengwa na machozi akisimulia. Waingereza wake hao hao. Leo kasahau, au leo hilo halimfai kulikumbuka.

Mume wangu kaja baadaye kunionyesha jinsi walivyopatana. Umeona, kasema, ulikuwa na wasiwasi bure. Nikamwambia nimeona. Nimekasirika. Nimemalizia nyota.

Jumamosi, 15 Juni

Hotelini. Naandikia stoo ya mashuka, nyuma ya jukwaa, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Shajara ilikuwa kwenye mkoba.

Ukumbi umejaa. Bendera imependeza, sijisifu, wale wa Australia wamesimama kuipiga picha kabla hata ya kukaa. Wenye hoteli wako meza ya mbele na Meneja, mkataba uko kwenye faili ya plastiki karibu na glasi yake. Mume wangu kavaa shati jeusi nililompigia pasi. Ngoma zangu nimezipanga mwenyewe, nikakaza kila skrubu, nikaja huku.

Mwalimu kaja kugonga. Wako tayari, kasema. Nikamwambia namaliza kitu. Akasimama kidogo mlangoni, akasema yeye hilo la mashine kaambiwa leo, na hakulipenda. Ndiyo sentensi ndefu zaidi niliyowahi kusikia kwake. Akarudi.

Kaka kaja. Mdogo wangu, watu wanangoja, unaumwa? Nikamwambia siumwi, napumzika kidogo. Si mlisema nimechoka. Macho yakamwenda chini. Akaondoka bila kurudisha mlango.

Mume wangu hakuja. Kaamua kuanza. Namsikia kwenye maiki anawakaribisha, anachekesha kidogo, wanacheka. Sasa anahesabu mwenyewe. Moja, mbili, tatu —

Ameanza taratibu, kama anavyopenda. Kaka kaanza mbio, kama anavyopenda. Mwalimu besi yake haisikiki kabisa, nadhani ameweka mikono chini. Wamesimama. Kuna aliyekohoa ukumbini. Mume wangu anaomba radhi, mitambo kidogo. Anahesabu tena.

Wamesimama tena.

Namsikia Meneja, amesogea jukwaani, anauliza kwa sauti ya chini ni nini kinachokosekana. Wamarekani kimya. Waingereza kimya. Stiki ziko mapajani kwangu. Anauliza mara ya pili.