Divai Mezani Mbele ya Mama Mkwe

Haydom, Jumamosi

Na leo sikuificha! Miaka mitatu, kila mama mkwe akija kutoka Masieda, nakimbiza chupa nyuma ya gunia la unga kama mwizi. Kisa divai nyekundu ya Dodoma, ya bei ndogo tu, ambayo mimi na Baba Neema tunakunywa kikombe kimoja kimoja na chakula cha Jumamosi. Leo nilichoka. Aliingia, nikampa shikamoo, nikarudi kusonga ugali. Chupa ikabaki mezani, kando ya maharage na mbuzi wa kuchemsha.

Mama ni mzee wa kanisa. Alipoona divai kwenye kikombe changu alijifunika kitenge, akainamisha kichwa, akasubiri ibada. Baba Neema akanitazama.

"Mama, hii si ya meza ya Bwana," nikasema. "Ni ya dukani. Ya kushushia chakula."

Akafungua jicho moja. Nikajua Masieda nzima itasikia kwamba mkwe wake ni...

Akanyoosha mkono, akachukua kikombe changu, akaonja. Akatafuna kipande cha mbuzi, akaonja tena.

"Ile ya kanisani ni sukari tupu," akasema. "Hii ndiyo ya kulia nyama."

Tulipomaliza kula akaninong'oneza: "Iliyobaki nimiminie kwenye chupa ya chai niondoke nayo. Watu wasione."

Nilimjibu kwa adabu, lakini nilimjibu: "Mama, kwenye nyumba hii hatufichi tena. Karibu unywe hapa hapa."

Akanisogezea kikombe nimmiminie.