Asubuhi Moja ya Bi Mukankusi

Mbugangari, 10 Septemba 2023

Babu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na Mama anakusalimu. Je, kifua kinakuacha ulale?

Shuleni kuna mashindano ya hadithi za Kiswahili, mwisho wa kupokea ni tarehe 24 Novemba. Mimi nimeandika juu ya kikongwe, Bi Mukankusi, anayeumwa mapafu. Binti yake anampeleka kwenye maji ya moto hapo kwenu Nyamyumba, anajiloweka siku saba, anapona, wanarudi wakiimba. Jirani yako Cansilde atakuletea kurasa nne pamoja na barua hii, akitoka kuuza vitunguu sokoni. Najua simu huitaki.

Ulifundisha Kiswahili miaka thelathini kule Karagwe kabla hamjarudi Rwanda, basi nisahihishe bila huruma. Nataka niwe mwandishi wa kweli. Sijamwambia mtu mwingine.

Mjukuu wako,
Iribagiza

Nyamyumba, 15 Septemba 2023

Bibi mdogo,

Marahaba. Mimi mzima, kifua kinapiga kelele tu kama redio ya zamani. Msalimu mama yako.

Nimesoma. Binti analia mara sita katika ukurasa mmoja. Mara ya tatu nilikuwa nimeshamzoea. Unasema machozi yalitiririka kama mto. Mto upi? Sebeya ukifurika unabeba nyumba za watu, machozi hayabebi hata kijiko. Niambie mikono yake ilikuwa inafanya nini.

La pili ni gumu. Naishi hatua mia mbili kutoka kwenye maji hayo. Nawaona watu wakiloweka miguu, wakichemsha mihogo, wakicheka, na jioni wakirudi na ugonjwa wao. Mwenyewe umeandika kwamba Mukankusi hupumzika mara tatu kabla ya kuufikia mlango. Mtu huyo haponi, mjukuu wangu. Anakufa. Uwe na adabu ya kumwacha afe.

Zoezi: mwandike mtu anayeondoka nyumbani. Usiseme anakwenda wapi.

Babu yako,
Rutagengwa

Mbugangari, 8 Oktoba 2023

Babu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Nilichelewa kwa sababu ya mitihani. Umeamkaje?

Zoezi langu ni hili: "Jumamosi Mama huamka mapema. Hujaza uji kwenye chupa ya chai, akaizungushia kitenge kama anayefunika mtoto. Hutia mfukoni kandambili kubwa kuliko mguu wake. Hufuta meza ambayo ni safi. Akifika mlangoni hugeuka kunitazama, kisha hutazama kufuli." Mama anasema ni mambo ya ushirika wao wa akina mama. Nimeandika nilichokiona tu.

Mukankusi amenishinda. Kila nikifika kitandani pake naleta daktari. Jana nilileta wawili! Naomba nije Jumapili tuzungumze. Kwa pikipiki ni dakika ishirini tu.

Mjukuu wako,
Iribagiza

Nyamyumba, 13 Oktoba 2023

Bibi mdogo,

Marahaba. Mimi mzima.

Hilo zoezi linashinda yote uliyoniandikia. Umeona, na hukueleza. Wala hukumuuliza mama yako. Vizuri, usimuulize.

Jumapili usije. Ukija tutakula viazi na kucheka, na Mukankusi atabaki kitandani na madaktari wake wawili. Njoo na hadithi iliyokwisha, nitaisoma kwa sauti mbele yako, kama nilivyofanya kwa wanafunzi wangu bora. Kabla ya hapo sitaki kukuona.

Babu yako

Mbugangari, 29 Oktoba 2023

Babu mpendwa,

Shikamoo. Sisi tupo. Nimeandika barua mbili tangu yako ya mwisho na hukujibu. Je, nimekukosea?

Nilimuuliza Cansilde: "Babu ni mzima?"

"Mi niko muuza vitunguu, mi si docteur."

"Lakini umemwona?"

"Muzee anauliza hadithi iko wapi. Enda uandike, mutoto, acha kunisumbua."

Kisha akaanza kupanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nimekiandika kitendo hicho kwenye daftari langu. Pengine kitanifaa.

Mjukuu wako,
Iribagiza

Mbugangari, 12 Novemba 2023

Babu mpendwa,

Shikamoo. Salamu zitakuwa fupi kwa sababu nina habari.

Mukankusi amekufa. Niliandika ukurasa huo mara saba, na Cansilde anakuletea pamoja na barua hii. Hakuna anayelia. Unaishia hivi: "Binti aliigusa chupa ya uji. Ilikuwa bado na joto. Akakaza kifuniko, akaiweka chini ya kitanda, mahali pake."

Nitakuja Jumamosi tarehe 18, na safari hii siombi ruhusa. Andaa sauti yako.

Mjukuu wako,
Iribagiza

Mbugangari, 26 Novemba 2023

Babu,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali.

Ulituacha Jumatano, siku tatu kabla sijaja. Baada ya mazishi tulinawa mikono kwenye beseni mbele ya mlango wako. Maji yalikuwa yamepoa. Mama alinawa, akanawa tena, mpaka mtu akamwondolea beseni. Kandambili zako mpya zilikuwa chini ya kitanda. Nilizijua.

Nilimwambia Mama, "Kumbe ni huku ulikuwa unakuja."

Akasema, "Alinikataza nisikwambie. Kila Jumamosi aliuliza, 'Yule anaandika?' Nikisema ndiyo, ndipo alipokunywa uji."

Babu, nilikasirika, na bado nimekasirika. Niliona chupa, niliona kandambili, niliona Mama akitazama kufuli, nikaviandika vizuri na sikuuliza. Wewe ukanisifu. Ningekuja na hadithi mbovu, ningekaa karibu nawe.

Mama alikusomea ukurasa wangu wa mwisho Jumanne jioni. Amenirudishia. Hukukata neno hata moja. Ila pembeni kuna wino wako mwekundu, maandishi yanapanda na kushuka: "Mwache apate asubuhi moja."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Tarehe 24 ilipita na sikupeleka kitu shuleni. Jana nimemaliza. Mukankusi bado anakufa, hilo ulinifundisha na sitalirudisha. Lakini kabla yake kuna asubuhi. Ameketi ukingoni, miguu kwenye maji ya moto, binti yake anamshikia chupa. Anasema uji umezidi sukari. Anakunywa wote. Hakuna jambo lingine linalotokea, na ni ukurasa mzima.

Uliahidi kuusoma kwa sauti. Nimeusoma mimi, uani, Mama akichambua maharage. Nilipofika mwisho mikono yake ilikuwa imesimama.

Cansilde amepita sasa hivi kuuliza kama kuna barua. Nimemwambia hakuna wa kupelekewa tena. Amenyoosha mkono.

"Leta tu," amesema. "Njia mi naijua."

Mjukuu wako,
Iribagiza