Tepu Inanisifu, Damu Inanishtaki

Dada Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu tu, nakuandikia nikiwa dukani mchana huu wenzangu wamekwenda kula, maana jambo lenyewe linahusu kula na sitaki waone ninachoandika, naomba unisaidie kwa sababu maji yamenifika shingoni na wa kumwambia sina.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na mitatu, kazi yangu makoti na suruali za wanaume, nina mafundi wawili na mama mmoja anayetupigia pasi, na mwaka jana nilikwenda kupima nikaambiwa sukari iko mlangoni, haijaingia ndani lakini imeshabisha hodi. Daktari akaniambia nipunguze wanga, niache soda na chai ya sukari, mkate na wali nile kidogo, nikarudi nyumbani nimenywea, nikijiuliza mtu mzima ataishije bila mkate. Sasa kuna mteja wangu mmoja, dereva wa lori, alikuwa na tumbo ambalo nalijua kwa inchi zake, siku hiyo akaja suruali zote zinamvuka, akanionyesha kwenye simu jamaa mmoja kifua wazi anayesema wanga ndio adui na mafuta ndiyo rafiki, kula siagi, kula nyama na mafuta yake, ngozi ya kuku usitupe, kahawa itie kijiko kizima cha samli, nami nikaona hapa ndipo penyewe, kwa sababu Dada usinicheke, mimi mafuta nayapenda tangu utoto.

Nikaanza. Mkate nikauacha, soda nikaiacha, na sikuteseka hata kidogo kwa sababu samli inashibisha, nikawa nakunywa kahawa yangu asubuhi ikielea mafuta juu na mpaka saa nane sisikii njaa. Dukani tuna daftari la vipimo vya wateja, nikajifungulia ukurasa wangu, kila Ijumaa kabla ya kufungua najizungushia tepu kiunoni na kuandika, na kwa miezi saba nimeshuka inchi sita, mafundi wangu wakaniita Inchi Sita na jina likanikaa. Yule mama wa pasi akavutiwa, naye nikamfungulia ukurasa, nikanunua kopo kubwa la samli nikaliweka pembeni ya birika la dukani, kila mtu na kijiko chake, na mama wa watu ameshapungua inchi tatu na ananiombea dua kila akishika pasi.

Mwezi uliopita nikarudi hospitali, sukari imeshuka hadi mahali pake, nikatamani kumkumbatia daktari, kumbe bado ana karatasi ya pili mkononi. Akaniambia lehemu, ile wengine wanaita kolesteroli, ile mbaya, imepanda karibu mara mbili ya mwaka jana, akaniuliza ninakula nini, nikamweleza kwa fahari, naye akasema nipunguze hayo mafuta yanayoganda, siagi, samli, mafuta ya nyama, kisha nirudi baada ya miezi miwili tupime tena. Dada, nilisimama nikashika kiuno cha suruali nikakivuta mbele nikamwonyesha nafasi iliyobaki, nikamwambia daktari, tepu haidanganyi, mimi ni fundi. Akatabasamu tu akaandika tarehe.

Sasa sikia nilichofanya. Mke wangu ni mwalimu wa watoto wadogo, anasoma kila karatasi inayoingia nyumbani hata risiti, na tangu mwanzo hakuipenda hii samli, nami nilikuwa nimembishia mbele ya watoto mpaka nikamwambia ya jikoni ni yako lakini ya mwili ni yangu. Nikaona aibu kurudi na ile karatasi. Nikapita dukani. Juu ya meza palikuwa na koti langu nitakalovaa kumsindikiza binti yetu siku ya harusi yake, nilikuwa nalipunguza na bitana imefunguka, nikaikunja karatasi mara nne nikaisukumia ndani ya kifua upande wa kushoto, nikafunga kwa mshono mdogo mdogo ambao hata mimi lazima niutafute. Nyumbani nikaulizwa majibu, nikasema sukari imeshuka, na huo si uongo. Koti sasa linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na Jumapili iliyopita mke wangu alikuwa analipiga brashi akasimama, akauliza mbona upande huu linalia, lina nini ndani, nikamjibu ni kitambaa cha kukazia kifua. Akanitazama. Kisha akaendelea na brashi yake.

Harusi ni baada ya wiki saba. Ninalokuuliza ni hili, je, mtu aliyeacha wanga ana haja ya kupunguza na mafuta tena, si atabaki anakula upepo, na nikiacha samli njaa si itanirudisha kwenye mkate na sukari ipande upya, kwa nini niharibu kitu kinachofanya kazi, na kama ni lazima niharibu, nitamwambiaje mke wangu bila kuonekana mjinga?

Ni mimi, Fundi Inchi Sita.

Nilitaka kusahau. Marehemu kaka yangu, ndiye aliyenifundisha kazi, alianguka mbele ya meza ya kukatia nguo akiwa na miaka hamsini na minne, mkasi mkononi, wakasema ni moyo. Hakuwa na tumbo. Juzi tena nilikuwa najisifia inchi zangu mezani, mke wangu akasema, "Kaka yako pia alikuwa mwembamba." Nikakasirika nikaondoka mezani. Ndiyo maana nimekuandikia.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, marahaba, umri nimekuzidi kidogo na leo nitautumia wote.

Kwanza hongera, na hapa sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa, umeshajipaka ya kutosha. Mtu wa miaka hamsini na kitu kuacha soda na mkate si mchezo, na sukari iliyorudi mahali pake ni jasho lako, hakuna wa kukunyang'anya. Akija mtu kukwambia urudi kwenye mkate, ujue sikumtuma mimi.

Lakini isome tena barua yako. Daktari alikwambia upunguze wanga. Ni wapi alipokwambia utie samli kwenye kahawa? Hayo uliyatoa kwenye simu ya dereva, ukayaunga na maneno ya daktari mpaka mshono hauonekani, na sasa unadhani ni nguo moja. Ni mbili. Kilichoishusha sukari ni kuuacha wanga. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, punguza mafuta yanayoganda, na wanga uache palepale ulipoushusha. Hakuna aliyekulazimisha uchague kati ya sukari na moyo, umejilazimisha mwenyewe kwa sababu samli ni tamu.

Barua yako nilimsomea daktari mmoja ninayemwamini, bila kumpa duka wala mtaa. Akaniambia watu hawafanani, wapo wanaokula kama wewe na lehemu yao isisogee, na wapo ambao yao inapanda kama yako. Kwa hiyo ubishi wa watu wa simuni waachie wenyewe. Wewe umeshapimwa. Mteja akija na kiuno cha arobaini humkatii suruali ya thelathini na nne eti kwa kuwa dereva wa lori anavaa thelathini na nne, na ukifanya hivyo atakurushia nguo yako usoni, tena atakuwa na haki.

Unaogopa njaa, nami nakuelewa, mtu mwenye njaa hashauriki. Basi kula. Kula samaki, kula kuku ila mvue ngozi, nyama chagua steki na mafuta yake umwachie mwenye bucha. Parachichi na karanga zina mafuta, na hayo ni mafuta ya aina nyingine, yatakushibisha bila kukudhuru, ila karanga ziwe kiganja kimoja na si mfuko. Mboga za majani zijaze nusu ya sahani. Maharage onja kidogo uone sukari inasemaje. Kupikia tumia mafuta ya maji, ya alizeti yanatosha, na yapimwe kwa kijiko. Najua utaniuliza kuhusu mafuta ya nazi, nayo yanaganda, yaweke kabatini na samli. Kahawa inywe kavu. Watu wameinywa hivyo miaka yote na hakuna aliyelia.

Sasa njoo kwenye tepu yako. Kwamba haidanganyi nakubali, lakini inajibu swali moja tu, kiuno ni kiasi gani. Ya ndani ya mishipa haiyajui na wala haijawahi kudai kuyajua, ni wewe uliyeipa cheo cha udaktari. Kaka yako, Mungu amrehemu, ungempima asubuhi ile ungeandika kipimo kizuri kabisa kwenye daftari lako. Hilo ndilo mke wako alikuwa anakwambia pale mezani, nawe ukanyanyuka ukaondoka.

Na hapa fundi umeniudhi kweli. Habari ya kaka yako, damu yako, aliyekufa akiwa na mwaka mmoja tu zaidi ya umri wako wa sasa, umeiweka chini kabisa baada ya jina, eti ulitaka kusahau. Hukutaka kusahau. Unaamka nayo na unalala nayo. Sikuona popote katika barua yako kwamba daktari wako anaijua, na bila hiyo anakupima kwa nusu ya vipimo. Rudi wiki hii, usingoje tarehe aliyoandika, ukamwambie neno kwa neno, kaka yangu wa tumbo moja alianguka kwa moyo akiwa na miaka hamsini na minne. Lehemu iliyopanda kwa mtu kama wewe haitazamwi sawa na ya mtu mwingine. Akisema ubadilishe chakula kisha mpime tena, fanya hivyo. Akisema unahitaji na dawa, utazimeza, na yule wa kifua wazi hutamuuliza chochote.

Lile kopo la dukani liondoe kesho asubuhi kabla birika halijachemka. Usiliondoe kimyakimya ukasingizia sisimizi. Waite wote, mafundi na mama wa pasi, uwaambie kwa mdomo wako kwamba kiuno changu kimepungua na damu yangu imeharibika, nendeni mkapime zenu. Huyo mama amekufuata kwa sababu wewe ni mkubwa wake na ulimfungulia ukurasa. Jina watakalokupa baada ya hapo utalizoea kama ulivyolizoea hili.

Limebaki la nyumbani, nalo ndilo lililokuleta kwangu. Unauliza utamwambiaje mke wako bila kuonekana mjinga. Ndugu yangu, mwanamke anayesikia koti likilia unadhani anahitaji kuambiwa kitambaa cha kukazia kifua ni nini? Amekaa na fundi miaka yote hiyo. Anajua unaficha kitu, kinachomsumbua ni kwamba hajui ni kikubwa kiasi gani, na Jumapili ile alipiga brashi huku akisubiri ufungue mdomo. Aliposema kaka yako alikuwa mwembamba hakuwa anakushinda kwa maneno. Alikuwa anaogopa kubaki mjane, na wewe ukasikia dharau.

Kwa hiyo leo ukifunga duka, beba wembe wako wa kufumulia. Mwite mkeo chumbani, mkae kitandani, koti uliweke magotini, ufumue ule mshono yeye akitazama. Usianze na maelezo. Itoe karatasi umkabidhi aisome mwenyewe, yeye si ndiye msomaji wa karatasi zote za nyumba hiyo? Kisha umwombe radhi kwa lile neno la mwili ni wangu, kwa sababu si kweli, ungekuwa wako peke yako asingekuwa na wasiwasi nao. Akikugombeza nyamaza, umeyataka. Halafu umwombe muende wote kwa daktari, maana wewe ukiwa peke yako unarudi na nusu ya majibu.

Ukimaliza, ishone bitana upya kwa mshono wako mzuri, na safari hii ndani usiweke kitu. Wiki saba zinatosha kubadilisha sahani na kuanza dawa kama zipo. Siku ya harusi binti yako atakushika mkono na kuegemea kifua hicho hicho, na akisikia kitu upande wa kushoto, kiwe ni moyo wa baba yake tu.